Simu ya Kazi Kivukoni

Makampuni mengi siku hizi hayaendi shambani bila simu. Zamani karani alipewa daftari, kalamu ya wino na mzani. Leo hupewa simu iliyotiwa programu, naye huambiwa kwamba kila atakachokiandika humo kitaonekana makao makuu kabla jua halijatua. Wauzaji wa programu hizo wana neno moja wanalolipenda kuliko yote, nalo ni thamani. Programu italeta thamani, husema, itaongeza thamani, itaonyesha thamani. Nimeisikia hotuba hiyo zaidi ya mara moja, na kila mara nimebaki na swali ambalo hotuba hailijibu: thamani hiyo itaangukia mkononi mwa nani?

Nina sababu ya kuuliza. Kwa misimu mitatu, kuanzia 2013, nilikuwa karani wa kununua mpunga Kivukoni, kwa niaba ya kampuni moja ambayo sitaitaja. Kwa msomaji asiyelijua bonde letu, niseme kwamba ukitoka Ifakara kuelekea kusini unakutana na mto Kilombero, na barabara inayovuka hapo ndiyo iendayo Lupiro, ambako hugawanyika, mkono mmoja kwenda Mahenge na mwingine kwenda Malinyi. Kwa miaka mingi hapakuwa na daraja. Palikuwa na pantoni, na mpunga wa upande wa Ulanga ulingoja zamu yake ili uvuke kufika mashineni Ifakara. Januari 2016 kivuko cha MV Kilombero II kilizama mtoni. Daraja la mita 384, ambalo Rais John Magufuli alilizindua rasmi Mei 2018, ndilo lililoumaliza ule usubirifu. Nayataja haya kwa kuwa biashara ya Kivukoni ilikuwa biashara ya kusubiri, na katika biashara ya namna hiyo anayepunjwa ni yule asiyeweza kusubiri.

Msimu wa kwanza tulifanya kazi kwa daftari. Asubuhi nilivuka na begi la fedha, nikiwa na mlinzi mmoja ambaye nadhani aliogopa kuliko mimi. Kila aliyekuwa juu ya pantoni alijua begi lina nini. Jioni nilivuka tena na begi tupu na karatasi zilizojaa alama za vidole vya wino, nikaketi kukokotoa hesabu kwa mwanga wa taa ya chemli, na upungufu wowote ulikatwa kwenye mshahara wangu. Msimu wa pili ikaja simu. Mkulima alipimiwa mpunga, nikaandika kilo na namba yake, na fedha zikatumwa kutoka Dar es Salaam hadi kwenye simu yake. Begi likaisha. Mlinzi akapewa kazi ya kushona magunia, na nilimwona akinenepa. Sioni haya kuisifu programu ile kwa jambo hilo, kwa sababu mtu ambaye hajabeba fedha za watu juu ya maji hajui ni mzigo gani aliotuliwa.

Lakini kulikuwa na hesabu nyingine ambayo hakuna aliyeniagiza kuiandika. Kuvusha fedha taslimu kulikuwa na gharama: mafuta, mlinzi, hatari. Gharama ile ilikuwa ya kampuni. Malipo yalipohamia kwenye simu, mkulima alikwenda kwa wakala kutoa fedha zake, akakatwa ada ya kutoa, na ada ile ikawa yake. Tena kibanda cha wakala kilikuwa kimoja. Siku tulipolipa watu wengi kwa pamoja, wote walimwendea huyo huyo, na fedha za mkononi zilimwishia kabla ya saa nne asubuhi. Kwenye kompyuta za makao makuu malipo yalikuwa yamekamilika. Kivukoni watu walikuwa wamekaa juu ya magogo, wakimngoja wakala arudi Ifakara na fedha, naye wakala akiingoja pantoni. Basi gharama haikufutika, ila ilihamishwa kutoka kwenye vitabu vya kampuni na kuwekwa mahali ambapo hakuna mtu anayeshika kitabu. Mtu wa biashara atasema hiyo ndiyo mbinu yenyewe. Sawa, ila asiiite thamani iliyoongezeka.

Sasa nieleze jambo lililonifanya niandike. Programu yetu ilimtambua mkulima kwa namba ya simu. Namba moja, mkulima mmoja. Huko ilikotungwa jambo hilo lilionekana la akili, maana majina ya watu hufanana na namba hazifanani. Lakini Kivukoni ya miaka ile nyumba nyingi zilikuwa na simu moja tu, kitochi kilichochajiwa kwa mwenye sola, na kitochi hicho kilikaa mfukoni mwa baba.

Asubuhi moja ya Juni alikuja mama mmoja na magunia manne ya Supa kwenye mkokoteni. Nilimjua kwa sura. Alilima shamba aliloachiwa na mama yake, mbali na shamba la mumewe, na kila mwaka mpunga wa shamba lile ulikuwa wake na wanawe. Nilimwamkia, tukapima, nikamwuliza namba. Hakuwa na simu. Akanitajia namba ya mumewe, nikaiandika, na programu ikaleta jina la mume ambaye wiki iliyopita alikuwa ameuza mpunga wake mwenyewe. Hapakuwa na mahali pa kuandika kwamba huu ni mpunga wa mtu mwingine wa nyumba ile ile.

Nikamwambia, "Mama, fedha zitakwenda kwenye simu ya mzee."

"Mzee yuko Malinyi," akasema. "Na hata angekuwa hapa. Mpunga huu si wake."

Niliwapigia simu wakubwa zangu. Kijana aliyepokea alikuwa mpole sana. Alisema ananielewa, ila mfumo hauruhusu. Nikamweleza mama maneno hayo, kwamba mfumo hauruhusu, na nilipokuwa nikiyasema niliyasikia mwenyewe yalivyokuwa mepesi. Mama akaitazama simu mkononi mwangu.

"Hebu niambie, mwanangu. Hiyo simu yako inanijua mimi, au inamjua mume wangu?"

Sikuwa na jibu. Akaomba magunia yarudishwe kwenye mkokoteni. Hatua mia mbili kutoka kwenye mzani wetu palikuwa na mlanguzi aliyenunua kwa fedha taslimu na kwa lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita mdomo wake hadi lishonewe kofia. Mama yule alimwuzia pale. Magunia yake manne yalishindiliwa yakawa matatu na kitu, na fedha alizopata zilikuwa pungufu kwa kiasi ambacho ningeweza kukikokotoa palepale, lakini alizifunga kwenye ncha ya khanga yake mwenyewe.

Hakuwa peke yake. Katika wiki zilizofuata waliacha kuja wengine wa namna yake, kwa sababu habari hutembea haraka kuliko mtandao. Mwisho wa msimu tuliitwa mjini kusomewa taarifa. Ilikuwa taarifa nzuri, yenye michoro ya rangi. Mchoro mmoja ulionyesha wauzaji wa Kivukoni kwa jinsia, na upande wa wanawake ulikuwa mwembamba kama ufito. Bwana aliyekuwa akisoma akasema kwamba takwimu zinaonyesha wanawake wa eneo hili hawalimi mpunga wa biashara, kwa hiyo mkopo wa mbegu na mbolea wa msimu ujao utalenga wanaume. Hakuna tarakimu hata moja iliyokuwa ya uongo. Kila kilo iliyoandikwa ilikuwa imepimwa. Niliinua mkono na kueleza habari ya namba za simu, nikaambiwa litaangaliwa. Msimu wa tatu mikopo ilitolewa kama ilivyopangwa.

Hapo ndipo nilipoanza kuilinganisha kazi yetu na nyingine iliyopita kwenye barabara ile ile miaka michache kabla. Kuanzia Septemba 2009 hadi Februari 2010 ulifanyika mradi wa majaribio ulioitwa SMS for Life, katika wilaya tatu: Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga, wakati Malinyi ilikuwa bado ndani ya Ulanga. Waliohusika walikuwa Wizara ya Afya na mpango wa kimataifa wa Roll Back Malaria, pamoja na makampuni makubwa ya Novartis, Vodafone na IBM. Shida waliyoikabili kila mzazi wa bonde hili anaijua: unampeleka mtoto mwenye homa zahanati, unaambiwa dawa ya malaria imekwisha, na huenda kituo kingine cha wilaya hiyo hiyo kina dawa za akiba zinazokaribia kuharibika.

Njia yao ilikuwa rahisi mno hata mtu anaweza kuidharau. Mara moja kwa wiki mhudumu wa zahanati alipata ujumbe mfupi kwenye simu yake mwenyewe, ukimwuliza idadi ya dawa alizobaki nazo: zile pakiti nne za dawa mseto ya ALu, kila moja kwa uzito wake wa mgonjwa, na kwinini ya sindano. Alijibu kwa ujumbe mfupi, bila malipo. Akijibu kwa wakati aliongezewa salio kwenye simu yake. Asipojibu alikumbushwa. Majibu yalikwenda kwa wakubwa wa afya wa wilaya, ambao waliweza kuona nani amepungukiwa na kuhamisha dawa kutoka kwenye ziada kwenda kwenye upungufu. Vituo vilikuwa 129. Wiki ya kwanza, vituo 78 katika kila 100 vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja ya dawa zile. Wiki ya 21 vilibaki 26 katika kila 100. Wahudumu walijibu mara 95 katika kila mia walipoulizwa.

Nimezifikiria sana tarakimu hizo, hasa ile ya 95. Sisi makarani wa mpunga tulilipwa mshahara na bado tulikuwa tukitishwa ili tujaze fomu zetu. Wale walijibu kwa hiari. Sehemu ya sababu ni salio, wala tusijifanye watakatifu. Lakini naamini sababu kubwa ni kwamba waliulizwa kitu walichokuwa wakikihesabu tayari, maswali machache, na jibu lao lilikwenda kwa mtu wa karibu aliyekuwa na uwezo wa kufanya jambo. Muuguzi aliyeandika sifuri aliweza kuona pikipiki ikija. Fomu yangu ilikuwa na maswali thelathini na moja, likiwamo la aina ya paa la nyumba ya mkulima, na katika misimu yote sikuwahi kuona kitu chochote kikirudi Kivukoni kutokana na mapaa yale.

Mradi ule nao ulikuwa na mpaka wake. Ulipopelekwa nchi nzima, upungufu wa dawa uliendelea kuonekana mahali pengi, kwa kuwa nyakati nyingine dawa zenyewe zilichelewa kuingia nchini. Ghala kuu likiwa tupu, ujumbe mfupi hukuambia tu mapema zaidi kwamba huna. Mwenye kampuni anayenunua programu angepaswa kulala na jambo hili usiku mmoja kabla hajatia sahihi. Habari haina kazi kwa mtu asiyekuwa na gari, akiba wala madaraka ya kuifanyia chochote. Na aghalabu anayenunua programu ndiye huyo, ameketi mbali, anakusanya tu.

Watu hupenda kunijibu kwa M-Pesa, kwamba mbona ile ilifanikiwa. Ilifanikiwa, ila si kwa mpango wa kwanza. Majaribio yake yalianza Kenya mwaka 2005 pamoja na taasisi ya mikopo ya Faulu, na nia ilikuwa wakopaji warejeshe mikopo yao midogo kwa simu. Wakopaji wakaigeuza: wakatumiana fedha wao kwa wao, wakalipiana, wakawatumia ndugu walio mbali. Safaricom ilipoizindua Machi 2007 ilikuwa imekwisha kusoma alama za nyakati, ikatangaza kutuma pesa nyumbani na si kulipa madeni. Vodacom ikaileta Tanzania mwaka uliofuata. Ninachokisifu hapo ni masikio. Waliona watu wakitumia kitu kinyume cha maagizo, na badala ya kusema mfumo hauruhusu, wakaubadilisha mfumo.

Siku hizi sina mwajiri. Nanunua mpunga kidogo kwa fedha zangu, nakoboa, nauza. Programu ya kazi ninayotumia ni ileile anayotumia kila mfanyabiashara wa mchele kati ya hapa na Dar es Salaam: WhatsApp. Napiga picha ya punje zikiwa kiganjani ili mnunuzi aone kama ni Supa au SARO 5, maana bei zake hazifanani. Namtumia sauti, naye ananijibu kwa sauti, na katika sauti nasikia kama ana haraka. Hakuna aliyetufundisha. Haina mahali pa kujaza paa. Ila ina ubovu wake, kwamba mwisho wa mwaka huna hesabu yoyote, una rundo la sauti tu, na benki haikopeshi kwa sauti. Kwa hiyo sisemi fomu ni kitu kibaya. Daftari langu la sasa limepangwa kwa safu nilizojifunza kwenye programu ile ile niliyoilalamikia, nikiongeza safu moja: mpunga ni wa nani, na nani apokee fedha. Yule mama ana laini yake sasa, kwa jina lake. Ninapomlipa huusoma ujumbe wote mpaka mwisho, kisha ndipo huwaruhusu wapagazi kugusa magunia.

Mwaka jana alikuja ofisa kijana wa kampuni nyingine, na kishikwambi begani, anataka kuanza kununua ng'ambo zote mbili za mto kwa programu mpya. Alikuwa ameelekezwa kwangu. Tuliketi kwenye kibanda cha chai tukaipitia fomu yake swali kwa swali. Nilimwuliza kila moja: jibu hili atalisoma nani, na akishalisoma atafanya nini? Paa likatoka. Idadi ya kuku ikatoka. Namba ya simu ikabaki, ila chini yake tukaweka jina la mwenye mpunga na jina la mpokeaji, na ruhusa ya watu wawili kutumia namba moja. Alikubali pia kwamba ada ya kutoa fedha iongezwe kwenye malipo, ingawa alisema lazima akaombe kibali.

Tulikwama kwenye kipimo. Yeye alitaka kilo peke yake. Lumbesa imekatazwa, alisema, na ni wizi, na kampuni haiwezi kuliandika gunia kama kipimo halali. Ni kweli ni wizi; nimeuona kwa macho yangu. Lakini mkulima hulijua shamba lake kwa magunia na madebe. Ukimpa risiti ya kilo 312 hawezi kukaa usiku na wanawe akaihakiki. Ukimwandikia kilo 312 na kando yake debe ngapi zilimiminwa mzanini, ataweza. Nilimwambia aandike vyote viwili. Alisema programu ina nafasi moja ya tarakimu. Tukaagiza chai nyingine, tukabishana hadi magari ya Mahenge yakaanza kupita, naye akaondoka na lake nami nikabaki na langu. Fomu yake bado naisubiri nione alichoandika.